Kabla Fundi Hajashika Mkasi

Waya ulikatwa kabla sijamaliza kueleza. Ilikuwa saa kumi jioni, kwenye ujia wa jengo moja la maduka ya simu karibu na mtaa wa Luwum, katikati ya Kampala, pale ambapo kila hatua mbili kuna meza yenye taa ndogo, chuma cha kulehemia na kopo la vikorokoro. "Mama, singa imekufa hapa, pa shingo," aliniambia fundi, kijana wa Goma, akiuita waya kwa jina la kwao, na mkasi ukapita. Dakika kumi baadaye iyafoni yangu ilikuwa na pini mpya, inasikika masikio yote mawili, nami nimelipa shilingi elfu tano na kumshukuru.

Shukrani ilidumu wiki tatu. Pini mpya ilipoanza kukwaruza ndipo nikakumbuka kwamba iyafoni ile ilikuwa na waranti ya mwaka mzima, na huo ulikuwa mwezi wa tano. Nikapekua droo mpaka risiti ikapatikana, nikarudi dukani nilikoinunua. Muuzaji hakuisoma risiti. Aliishika pini kwa vidole viwili, akaigeuza mara moja, akanirudishia. "Nnyabo, hii imeshakatwa." Sikuwa na la kujibu. Kitu alichoniuzia sicho nilichomrudishia.

Kazi yangu ni kunakili mahojiano. Nakaa na sauti za watu masikioni saa sita au saba kwa siku, narudisha nyuma, nasikiliza tena, nachapa. Iyafoni kwangu ni jembe, na majembe mengi nimeshayazika. Kwa hiyo ninaloandika hapa nimeligharamia. Waya wa iyafoni utakatika siku moja, na mahali utakapokatikia panajulikana tangu siku unaponunua. Lililo mikononi mwetu ni kutanguliza nini: risiti kwanza, dai la waranti pili, fundi mwisho. Wengi wetu tunaanza na fundi, kwa kuwa yuko karibu na duka liko mbali.

Kama unayo iyafoni iliyokufa, ichane kwa wembe uone kilichomo. Chini ya ngozi ya plastiki utakuta vifungu vya nyuzi za shaba, kila uzi mwembamba kuliko unywele, na kila kifungu na rangi yake: chekundu, cha kijani, cha buluu, na kingine cha rangi ya shaba yenyewe. Rangi hizo hazikuwekwa kwa urembo. Ni vanishi inayozuia umeme usiruke kutoka kifungu hiki kwenda kile, maana vyote vimelala kitanda kimoja. Katikati yao mara nyingi kuna nyuzi nyeupe, za nailoni au za aina ngumu zaidi, na hizo ndizo zinazobeba mvuto. Shaba hubeba sauti tu. Kifungu kimoja ni cha sikio la kushoto, kimoja cha kulia, kimoja cha maikrofoni, na kimoja ni njia ya kurudia ya wote. Ndiyo maana pini ya iyafoni yenye maikrofoni ina sehemu nne za chuma zilizotengwa kwa vipete vitatu.

Vanishi hiyo ndiyo iliyoniangusha kwa yule fundi. Lehemu haishiki juu yake. Fundi makini huiunguza kwanza kwa kiberiti cha gesi au kwa ncha ya chuma chenye lehemu ya moto, mpaka shaba ing'ae, kisha anaunga. Mwenye haraka anapachika tone la lehemu juu ya rangi, linagusa kidogo, sauti inatoka, mteja analipa. Baada ya wiki chache tone linaachia. Sasa nikienda kutengeneza nasimama pale pale, natazama kama moto umepita kwenye nyuzi.

Shaba ni laini lakini haisahau. Kila ukiikunja mahali pamoja inazidi kuwa ngumu na dhaifu, mpaka uzi mmoja unakatika, kisha wa pili, huku ngozi ya nje ikiwa nzima kabisa. Ndipo unapoanza ile michezo tunayoijua wote: kuushika waya hivi, kuinamisha simu vile, kukaa umepinda shingo ili sikio la kushoto lisikie. Na mahali penyewe ni patatu tu: shingo ya pini, njia panda pale waya unapogawanyika kwenda masikioni, na pale unapoingia kwenye kidude cha sikio. Kote huko kitu kigumu kinakutana na kitu laini, na mkunjo wote unaishia kwenye mpaka huo. Dukani, kabla ya kusoma habari za besi kwenye boksi, ikunje shingo ya pini taratibu. Ikipinda kama upinde, mpira wake unagawanya mkunjo. Ikipinda kama kiwiko, iache hapo hapo mezani kwa mwenye duka.

Pini yenyewe ina ukoo mrefu. Ni mjukuu wa pini nene ya milimita 6.35 waliyokuwa wakichomeka wapokezi wa simu kwenye mbao za kuunganishia wateja karne ya 19. Pini ile ilikuwa na mwili wa kushika. Hii yetu ya milimita 3.5, iliyosambaa mifukoni na Walkman ya Sony kuanzia mwaka 1979, imetuachia nafasi ya ncha mbili za vidole, na kwa uvivu tunavuta waya. Ukiacha tabia hiyo moja tu, iyafoni yako itakuzidishia miezi.

Tabia nyingine tunazipata njiani. Kampala ni jiji la boda, na boda ni simu kwenye mfuko wa jinzi, pini ikitazama juu, paja likiikandamiza kila gurudumu linapoingia shimoni. Mashimo yetu hayahitaji kutambulishwa. Aprili 2023 mchora katuni na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika wakazi wayaonyeshe mtandaoni, na picha zikamiminika. Mimi nayahesabu kwa shingo za pini. Kama simu ni lazima ikae mfukoni, iweke kichwa chini au juu kufuata upande ambao pini haibanwi, au nunua iyafoni ya pini iliyopinda pembe mraba. Ya pini iliyonyooka ni ya mezani. Na juu ya boda afadhali usiivae kabisa, maana honi ya lori ndiyo sauti unayoihitaji pale.

Kwenye teksi, hizi za abiria 14, ajali hutokea wakati wa kushuka. Unapaza sauti "maaso awo!", unainuka umeinama, unawapita watu magoti, na waya uliojinyonga kwenye kona ya kiti unabaki nyuma yako. Chomoa kabla ya kuinuka. Tabia mbaya kuliko zote ni ya nyumbani: kuizungushia iyafoni simu yenyewe, pini ikiwa bado imechomekwa. Hapo shingo inakunjwa kwa nyuzi 90 usiku kucha. Ikunje duara la ukubwa wa kiganja, bila kuikaza, uiweke kwenye kopo la pipi au kimfuko kigumu. Jasho pia lina yake. Mafuta ya ngozi yanakausha plastiki mpaka inakuwa kama kijiti, na waya wa ngozi nyangavu utaona unageuka kijani kwa ndani, shaba inapooza. Kitambaa chenye unyevu kidogo kila baada ya siku kadhaa kinatosha.

Sasa tuseme sikio moja limenyamaza. Usimlaumu waya bado. Mara nyingi kosa ni la tundu la simu, ambalo limejaa pamba ya mfukoni iliyoshindiliwa na pini yenyewe. Zima simu, mulika ndani, toa uchafu kwa kijiti cha kuchokolea meno, siyo kwa sindano. Kisha jaribu iyafoni hiyo kwenye simu nyingine, na iyafoni nyingine kwenye simu yako. Ukishajua kwamba iyafoni ndiyo mgonjwa, weka wimbo, uushike waya kwenye zile sehemu tatu moja baada ya nyingine na kuutikisa kidogo. Panapokatakata ndipo penyewe.

Kuna ugonjwa mmoja wa ajabu unaostahili maelezo, kwa kuwa wauzaji wengi hawauamini mpaka wausikie. Unaweka wimbo, ala zinasikika kwa mbali, lakini mwimbaji hayupo. Sauti yake imetoweka au inatoka kama iliyo chini ya mtungi. Hapo njia ya kurudia umeme imekatika, au haigusi. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida imerekodiwa sawasawa masikio yote mawili, na njia ya kurudia ikikosekana, kilicho sawa kwa pande zote mbili kinafutana, kinabaki kile kinachotofautiana. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilidhani nimepakua wimbo wa karaoke. Kama kubonyeza kitufe cha maikrofoni kunamrudisha mwimbaji, huenda waya ni mzima kabisa: iyafoni na simu zimepangwa tofauti, maana kuna mipangilio miwili ya zile sehemu nne za pini, na za zamani hazipatani na za sasa. Hapo usidai waranti ya waya, dai ubadilishiwe aina.

Waranti, nasema tena, inaanza siku ya kununua. Uliza swali moja: ikiharibika nailetea nani? Majibu ni matatu, na kila moja lina uzito wake. Kama ni "hapa hapa dukani," waranti yako ina uhai sawa na wa duka hilo, kwa hiyo litazame: lina mlango na jina ukutani, au ni nusu ya meza iliyokodishwa kwenye kona ya mtu mwingine? Kama ni msambazaji, omba jina lake na mtaa alipo. Kama ni kituo cha chapa yenyewe, ndiyo nafuu kubwa. Transsion, kampuni ya China yenye simu za Tecno, Infinix na itel pamoja na vifaa vya oraimo, ina vituo vya huduma viitwavyo Carlcare, na Kampala vipo. Mtu wa kituo hana sababu ya kutetea mauzo ya mtu. Anatazama namba, tarehe na hali ya kitu.

Iyafoni za bei ya juu ambazo shemeji au mfanyabiashara amekuletea kutoka Dubai ni jambo jingine. Waranti nyingi zimefungwa kwenye nchi au kanda kilikouzwa kitu hicho. Unaweza kuwa na kadi halali, na hapa Kampala asiwepo wa kuipokea. Ukilipa nafuu ya Dubai, ujue umeshatumia na waranti humo humo.

Ijaribu dukani kwa simu yako mwenyewe, wimbo mzima, pamoja na simu moja ya kupiga ili maikrofoni ijulikane. Dai risiti yenye jina la aina ya iyafoni, siyo "vifaa" tu. Waliosajiliwa kodi ya ongezeko la thamani wanatakiwa kutoa risiti ya mfumo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato, ule ambao Aprili 2024 wafanyabiashara wa katikati ya jiji walifunga maduka kuupinga. Siingii kwenye ugomvi wao na mamlaka. Kwa mnunuzi, risiti ile ina namba na alama ya kuskani, nayo haikataliki kirahisi. Wadogo wasiosajiliwa watakuandikia kwa mkono, na hiyo inafaa pia ikiwa na tarehe, mhuri na namba ya simu. Ipige picha hapo hapo. Karatasi za mashine zinafifia kwa joto, na risiti iliyokaa miezi minane ndani ya pochi inageuka karatasi nyeupe safi. Boksi nalo litunze, kwa kuwa mara nyingi namba ya bidhaa iko pale na siyo kwenye waya.

Siku ya kudai, nenda asubuhi, siyo Jumamosi alasiri watu wakiwa wamejazana kaunta. Isafishe iyafoni masikioni. Hakuna anayependa kushika nta ya mwenzake. Usiiviringishie utepe, usiipake gundi, na kama nilivyokwisha kusema kwa gharama yangu, asiiguse fundi. Kasoro inayokuja na kuondoka ina tabia ya kupona mbele ya muuzaji, kwa hiyo irekodi nyumbani kwa video: waya unavyotikiswa, sauti inavyokatika.

Halafu salamu. Wasuze otya, ssebo, habari za nyumbani, kisha shida yako. Wageni wengi, na hata sisi tuliozoea, tunaingia na hasira iliyopikwa njiani, na yule kijana wa kaunta, ambaye hakuitengeneza iyafoni wala hana hisa dukani, anajifunga. Mweleze ulichokiona: sikio la kushoto linakatika ukigusa shingo ya pini, ilianza juma lililopita. Usiongeze makisio. "Labda nilipoinuka kwenye teksi" ni sentensi ambayo huna ushahidi nayo, na anayeisikia ataiandika "imevutwa na mteja." Waranti nyingi hazilipii kilichokatwa, kilichopondwa au kilichoingia maji; lakini waya ambao ngozi yake ni nzima na ndani umekatika una hoja nzuri ya kuitwa kasoro ya utengenezaji. Sisemi udanganye. Kama mbwa aliitafuna, hiyo ni hasara yako, tulia nayo.

Ukiiacha pale, usitoke bila karatasi: umeacha nini, tarehe gani, urudi lini, na jina la aliyeipokea. Ukipewa mpya, uliza neno ambalo hatulikumbuki: waranti inaanza upya, au inaendelea na siku zilizobaki za ile ya kwanza? Omba waandike jibu nyuma ya risiti.

Na wakikataa? Vitabu vingi vya risiti mjini vimechapwa onyo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nisingelichukua onyo hilo kuwa neno la mwisho. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inahesabu masharti fulani kuwa yamo ndani ya mauzo hata kama hakuna aliyeyatamka: kwamba bidhaa ya mfanyabiashara iwe na ubora wa kuuzika, na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi ameieleza. Sharti la ubora halikulindi kwa kasoro uliyoonyeshwa kabla ya kulipa, wala ile ambayo ungeiona ulipoikagua. Tena ukikaa na kitu kibovu muda mrefu bila kusema neno, unahesabiwa umekikubali. Kwa hiyo siku ya kwanza uonapo kasoro, tuma ujumbe kwa muuzaji, hata kama utafika dukani wiki ijayo. Ujumbe una tarehe.

Mahakama zetu zina pia utaratibu wa madai madogo, uliowekwa na kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na humo mawakili hawamo. Unaanza kwa kumpelekea mwenzako barua ya madai. Kwa iyafoni ya shilingi elfu ishirini usijisumbue, nauli ya teksi itakula ushindi. Kwa vile visikizi vya studio vya laki sita au saba, barua yenye adabu inayoitaja sheria kwa jina na mwaka hufanya kazi kabla ya kufika popote.

Waranti ikiisha, hapo ndipo zamu ya fundi inapofika, naye ni mtu wa maana sana. Mwambie umeshapata mahali penye kosa, akate sentimita chache juu ya pale, aunguze vanishi, avishe kimpira kinachonywea kwa joto, na ujaribu kabla ya kulipa. Shingo ya pini inatengenezeka vizuri. Ya kwenye sikio inatengenezeka kwa shida. Njia panda nisingeitolea pesa.

Kama unatumia iyafoni kwa kazi kama mimi, tafuta zile ambazo waya unachomoka kwenye kidude cha sikio, za vijipini viwili au za kibonyezo cha duara. Waya ukifa unanunua waya tu. Zipo za bei ya kawaida kutoka China, na kwangu ndilo jibu lililo bora kuliko waranti yoyote. Zisizo na waya nimejaribu: betri zake zinazeeka bila fundi wa kuziponya, na moja yangu imebaki kwenye mtaro wa Wandegeya.

Yule kijana wa Goma bado namwendea. Nikifika anauliza kwanza, huku mkasi ukiwa mezani: "Mama, hii waranti yake imeisha?" Ninayotumia sasa inamaliza mwezi Februari.